Kipande cha Nyumba ya Masunga

Watu wengi wakisimulia mambo ya namna hii huanza na usiku. Mimi siwezi, kwa sababu langu lilinikuta mchana, jua likiwa utosini, na jembe nilikuwa nalo mkononi. Sikuwa na homa, sikuwa nimelala, na pombe sijawahi kuionja mpaka leo. Usiponiamini sitagombana nawe. Nakuomba tu usikilize hadi mwisho, maana huko mwishoni kuna jambo linalokuhusu, hasa kama siku moja utapita upande wetu wa Sapiwi kwa miguu au kwa baiskeli.

Zamani kulikuwa na jineri, kiwanda cha kuchambulia pamba, karibu na kwetu. Kutoka hapo ilikwenda reli ndogo, si ya treni, ya matoroli tu yaliyosukumwa na watu. Ilipita juu ya tuta katikati ya mbuga hadi kwenye ghala lililokuwa ng'ambo ya korongo, kando ya barabara iendayo Bariadi. Marobota ya pamba yalipita hapo, na watu nao walipita hapo, kwa kuwa tuta liko juu na mbuga iko chini. Anayeijua ardhi yetu nyeusi anajua inavyofanya ikinyeshewa. Inashika mguu, inashika tairi, inashika hata ng'ombe. Pale kwenye korongo palikuwa na daraja jembamba la chuma. Mwenye mgonjwa alipita juu ya daraja hilo wakati wowote wa mwaka, mvua inyeshe isinyeshe.

Kisha ikaja miaka ya soko huria. Ushirika ukayumba, jineri ikafungwa, wanunuzi binafsi wakaja na mizani zao na malori yao. Lori halihitaji reli. Siku moja wakaja watu wa chuma chakavu, wakang'oa reli, na walipoimaliza wakalikata daraja nalo wakalipakia. Sisi watoto tulikwenda kutazama cheche kama tunatazama ngoma. Wakubwa nao walitazama. Nani aliuliza siku ile tutapita wapi masika? Tuta likabaki tupu, likaota miiba.

Masika ya mwaka uliofuata mama yangu alishikwa na uchungu. Alfajiri baba alimpandisha kwenye baiskeli ampeleke hospitali Bariadi. Walipita mbugani, wakafika pale korongoni palipokuwa na daraja, wakaingia majini. Mama alipatikana jioni ile ile. Baba alipatikana mbali zaidi, kwenye mizizi ya mkuyu. Baiskeli haikuonekana.

Mimi nilikuwa nimelala. Hilo ndilo liliniuma miaka yote. Waliondoka bila kuniamsha, bila kuniambia neno, na mimi ndiye mkubwa. Nyuma yangu walikuwapo mapacha, Kulwa na Doto, na nyuma yao Shija, aliyekuwa bado anatambaa. Niliamka nikakuta uji kwenye chungu na nyumba kimya.

Shule niliiacha mwaka huo. Sikufukuzwa na mtu. Asubuhi moja nilimfunga Shija mgongoni, nikachukua jembe, na sikurudi tena darasani. Bibi yetu mzaa baba alihamia kwetu, akawa kivuli chetu. Alikuwa haoni vizuri, lakini nyumba yenye mtu mzima ni nyumba, hakuna wa kuigusa. Tukaishi hivyo mpaka nikawa msichana mkubwa, na Shija akaanza shule.

Kisha bibi naye akafariki, wakati wa kuvuna.

Baba mdogo Maduhu, mdogo wake baba, alikuja matanga yalipokwisha. Hakuwa mtu mbaya, nataka ulielewe hilo. Pamba ya mwaka ule wanunuzi waliichukua kwa bei ya kulia, na kwake kulikuwa na midomo mingi. Alikaa kwenye kigoda.

"Mwanangu, nyumba haiwezi kukaa bila mtu mzima," alisema. "Jumapili ukoo utakaa. Kulwa na Doto watakuja kwangu, wataangalia ng'ombe. Shija atakwenda kwa shangazi yenu Lagangabilili. Na wewe, kuna watu wameshauliza habari zako."

"Wameuliza wao au umewauliza wewe?"

"Usinijibu hivyo. Ni baba yako mimi."

"Ndiyo, baba. Lakini hawa watoto mimi sigawi."

"Si wewe unayegawa," alisema, akainuka. "Ni ukoo."

Kwa hiyo nilikuwa na siku hizo chache tu mpaka Jumapili. Na hapo ndipo kazi ya tuta inapoingia.

Kiangazi kile kijiji kilikuwa kimeamua kulifufua tuta. Si kwa reli, reli ilikwisha kwenda. Waliamua liwe njia ya miguu na baiskeli, kutoka jineri hadi barabarani, ili watoto wafike shule, akina mama wafike sokoni, na mgonjwa afike hospitali bila kuingia mbugani. Kwenye ncha zote mbili walichimbia vigingi ili malori ya pamba yasiingie kuliharibu. Hakuna mfadhili aliyekuja, hakuna bwana mkubwa aliyekata utepe. Tulifanya kama tunavyolima kwa pamoja: nsumba ntale, yaani kiongozi wa vijana wa kazi, alipima tuta kwa kamba, kila nyumba ikapewa kipande chake. Nyumba isiyofanya kipande chake hutozwa mbuzi, na aibu juu yake.

Nsumba ntale wetu aliitwa Luhende, mtu mrefu mwenye maneno mengi. Alipofika kwangu na kamba yake alisema, "Wewe nyumba yako haina mwanaume. Nitakukatia kafupi, kama ka kuku."

"Pima sawa na wengine," nikamwambia.

"Haya, mayu. Utalia baadaye, mimi sina leso." Mayu kwetu ni mama, na hata msichana huitwa hivyo kwa heshima.

Akanipimia kipande cha mwisho, kile cha ukingoni mwa korongo. Alikuwa akinipa kile ambacho wengine wote walikikwepa. Nadhani alipokumbuka kwa nini walikikwepa alitaka kunibadilishia, maana ghafla alianza kuikunja kamba. Nikamwambia aache. Nani alikuwa na haki ya kupalilia pale kuliko mimi?

Korongo lenyewe lilikuwa kazi ya wote. Wanaume walikata magogo, wakayalaza kutoka ukingo mmoja hadi mwingine badala ya lile daraja. Siku ninayokusimulia magogo yalikuwa yamelazwa asubuhi, bado kufunikwa kwa udongo. Upande wa pili, kuelekea barabarani, miiba ilikuwa bado haijaguswa. Hata panya buku angeona taabu kupita.

Ilipofika mchana watu wakaenda kwenye migunga, mbali kidogo, kula. Mimi nilibaki. Kipande changu kilikuwa nyuma ya vya wengine, kwa kuwa mikono ilikuwa miwili tu.

"Acha jembe lipumzike," mwanamke mmoja akaniita akicheka. "Au limekuposa?"

"Lingekuwa limeleta ng'ombe ningeshakubali," nikamjibu, wakacheka wote, wakaenda.

Nikawa peke yangu. Ulikuwa mchana wa kiangazi ambao hata ndege wananyamaza. Ardhi ya mbuga imepasuka nyufa za kuingiza mkono. Nikasikia baiskeli.

Mlio wa baiskeli inayosukumwa kwenye tope unaujua? Tairi haliimbi, linanyonya. Nikainua kichwa. Mwanamume alikuwa anapanda tuta kutoka mbugani, akisukuma baiskeli, na juu ya keria amekaa mwanamke aliyejifunika kitenge mpaka kichwani, ameinamia tandiko. Mwanamume alikuwa ameloa. Maji yalimtiririka kwenye mikono. Tope jeusi lilimfika magotini na lilikuwa limejaa kwenye magurudumu, bichi, linang'aa, na mimi nimesimama kwenye vumbi la kunifika vifundoni.

Alisimama. Akachomoa kijiti kilichokuwa kimechomekwa kwenye breki, kijiti cha mkwaju kilichochongwa bapa nchani kama mwiko, akaanza kukwangua tope kwenye uma wa mbele. Nilikwisha kumjua. Nilianza kuijua baiskeli, keria yake yenye ubao uliofungwa kwa mpira wa tyubu, kisha nikaujua mgongo wake anavyouinamisha. Jembe liliniponyoka.

"Mwadila, mayu," alisema, bila kunitazama sana.

Mdomo wangu ukajibu wenyewe. "Mwadila, baba."

"Ng'wa nani wewe?"

Kwetu salamu haiishi mpaka useme wewe ni wa nani. Huulizwi jina lako, unaulizwa la baba yako, na kulificha ni kama kumkana. Nikasema, "Wa Masunga."

Akainua uso. Ulikuwa uso wake wa siku ile, haukuongezeka hata mwaka mmoja. Akatabasamu kidogo, kama mtu mwenye haraka anayemstahi mtoto wa watu.

"Masunga ndiye mimi. Binti yangu ni mdogo, nimemwacha amelala. Labda mna Masunga mwingine huko ng'ambo."

Ungesema nini? Niambie wewe. Nilikuwa na maneno ya miaka mingi kifuani. Nilitaka kumwambia, ni mimi, baba, nimekua. Lakini ningesema hivyo, ingebidi niseme na mengine yote. Nikatazama yale maji yaliyokuwa yanamtiririka, nikasema:

"Ndiyo, baba. Yuko Masunga mwingine."

"Basi nisaidie kusukuma, mayu. Mama watoto ana uchungu tangu usiku, na mbuga imetushika."

Nikaenda nyuma ya keria nikasukuma. Niamini ninapokuambia ilikuwa nzito. Si upepo ule, si kivuli. Bega langu liliuma siku zilizofuata. Kitenge cha mama kilikuwa kimelowa, kinanuka mvua inayoanza kugusa udongo. Alikuwa akiguna taratibu kila gurudumu linapozunguka.

"Tumefika?" aliuliza.

"Karibu," baba akasema.

Mkono wa mama ulitafuta pa kushika, ukaushika wa kwangu kwenye ubao. Ulikuwa baridi. Akakipapasa kiganja changu kwa kidole, pale penye sugu.

"Una mkono wa kazi wewe," alisema chini ya kitenge. "Mama yako ana bahati."

Nilisukuma.

Tukafika ukingoni. Baba akasimama akatazama magogo.

"Wamerudisha daraja?"

"Tunalijenga, baba."

"Nani, serikali?"

"Sisi wenyewe. Kila nyumba na kipande chake."

Akashtuka, akageuka nyuma kutazama tulikotoka. "Na kipande cha nyumba yangu? Nisije nikatozwa mbuzi na huku nina mgonjwa."

"Kimefanywa, baba."

"Amefanya nani?"

"Kimefanywa."

Akatingisha kichwa, akaridhika. Tukavusha baiskeli juu ya magogo, yeye mbele akishika usukani, mimi nyuma nikimshika mama kiunoni asiyumbe. Chini yetu korongo lilikuwa kavu, mchanga mtupu, lakini naapa nilisikia maji yakipita kwa nguvu. Sikutazama chini. Tulipokanyaga ng'ambo baba alishusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo.

"Inatosha, mayu. Rudi. Kutoka hapa tutaweza." Kisha akasita. "Nitakutuma. Ukipita nyumbani kwangu, mwambie yule binti uji uko kwenye chungu, awape wadogo zake. Nilitoka kwa haraka, sikumwamsha. Alikuwa amelala vizuri. Mwambie asimpe mtu yeyote mtoto, hata awe ndugu, mpaka sisi turudi."

"Nitamwambia."

"Usisahau."

"Sitasahau, baba."

Wakaenda. Ile miiba niliyokuambia haijaguswa, waliipita kama hakuna kitu, na mlio wa tairi ukaendelea kusikika baada ya mimi kuacha kuwaona, ukipungua kuelekea barabarani. Nilikaa chini kwenye gogo. Sikulia. Kilio kilikuja baadaye, nikisaga unga.

Watu walinikuta hapo hapo. Luhende alikuwa mbele, akiwa bado anatafuna. Akakanyaga gogo, mguu ukateleza, akainama. Magogo yalikuwa yamepakwa tope jeusi bichi, na kwenye vumbi la kipande changu kulikuwa na alama ndefu ya tairi, yenye unyevu, jua likiwa linaikausha tukiitazama.

"Nani kapitisha baiskeli hapa?" aliuliza. "Na tope hili kalitoa wapi, kiangazi hiki?"

Nikamwonyesha viganja vyangu, vimejaa tope lile lile.

"Amepita mtu anampeleka mke wake hospitali," nikasema.

"Nani?"

"Masunga."

Hakuna aliyecheka. Luhende alikuwa mmoja wa wale waliomtoa baba kwenye mizizi ya mkuyu. Alitema alichokuwa anatafuna, akakaa kwenye gogo kando yangu, mtu yule mrefu, akashika kichwa. Akauliza kwa sauti ndogo, "Wamevuka?"

"Wamevuka."

"Basi tufukie," akawaambia watu. "Magogo haya yafukiwe leo, na kesho tuanze miiba ile. Asikae mtu."

Wako waliosema ni jua limenipiga. Katekista wetu alisema huzuni ina macho yake, nikae nisali. Nilisali. Sikuona kwamba kusali kunafuta nilichokiona.

Jumapili ukoo ulikaa uani kwetu. Baba mdogo Maduhu alizungumza vizuri, kwa huruma, kila mtoto akamtajia atakakokwenda. Shangazi alikuja na kikapu cha kubebea nguo za Shija. Kulwa na Doto walikuwa wamesimama ukutani wameshikana mikono, wavulana wakubwa vile. Nilipoulizwa kama nina neno, nikasimama.

"Sina neno langu," nikasema. "Nina la kutumwa. Baba amesema asipewe mtu yeyote mtoto, hata awe ndugu, mpaka warudi."

Kukawa na manung'uniko. Luhende, ambaye hakuwa wa ukoo, alisimama mlangoni akasema aliyaona matope kwa macho yake. Shangazi akajifunika uso. Lakini baba mdogo aliinua mkono, akanikazia macho.

"Wafu hawachezewi, mwanangu. Kama ulimwona kaka yangu, alikuwa ameshika nini?"

"Baiskeli."

"Kila mtu ana baiskeli."

"Na kijiti cha kukwangulia tope. Cha mkwaju, kimechongwa bapa kama mwiko. Kilichomekwa kwenye breki."

Baba mdogo akatoka kwenye kigoda chake akakaa chini kwenye udongo, mbele ya wanawake na watoto.

"Mimi ndiye niliyemchongea," alisema. "Alipita kwangu alfajiri ile kuazima pampu. Nilimchongea kijiti kwa taa, nikampa, nikarudi kulala. Nilirudi kulala. Sikumsindikiza. Hili sijamwambia mtu, hata mke wangu."

Hakuna aliyesema kitu tena juu ya kugawa watoto. Shangazi aliondoka na kikapu kitupu.

Tuta lilikamilika kabla ya mvua. Masika yale niliona kwa macho yangu mgonjwa wa kwanza akisukumwa juu yake, kanga haijaloa, na wasukumaji wakizungumza habari za ng'ombe kama watu wasio na shida. Watoto walikwenda shule juu yake, Shija akiwa mmoja wao. Miaka mingi ilikuwa njia ya kujivunia, watu wa Ngulyati walikuja kuuliza tuliifanyaje.

Leo pikipiki zipo na barabara imechongwa. Vipande vya nyumba nyingine vimerudi miiba, na wapo waliokwisha kulima hadi ubavuni mwa tuta. Siwalaumu. Luhende amefariki, baba mdogo amefariki. Kulwa ni fundi Mwanza, Doto ana mji wake na ng'ombe zake, Shija anafundisha watoto wa wenzie. Wote wananiambia nihame, nikakae kwao, nipumzike. Aliwahi kuja mwanamume mzuri na ng'ombe zake, nikamwomba asubiri kidogo. Alisubiri, kisha akachoka. Hakukosea.

Lakini mimi nilitumwa. Nikaambiwa mpaka turudi, na hawajarudi. Najua unachofikiri. Najua na mimi. Kaburi la mama na la baba nayapalilia mwenyewe, nayajua yalipo. Hata hivyo kila kiangazi nachukua jembe nakwenda kusafisha kile kipande cha korongoni, nabadilisha gogo lililooza, na masika yakianza naacha uji kwenye chungu usiku. Asubuhi naupasha, nakunywa mwenyewe.

Basi hili ndilo nililotaka kukuambia. Ukipita kwetu, hata iwe mchana kweupe, ukamkuta mtu ameloa na ardhi ni kavu, anasukuma baiskeli yenye mgonjwa, usimkimbie. Akikuuliza wewe ni wa nani, mtajie baba yako. Msukume mpaka anapotaka kufika. Usimwambie miaka imepita, usimwambie lolote la huzuni, na usije ukamuuliza anatoka wapi. Na kama una shamba kando ya tuta la zamani, popote pale nchini, acha upana wa baiskeli.

Labda watakuwa wanarudi. Wakikuuliza kama njia inapitika, waambie vipande vingine huna hakika navyo, lakini kile cha nyumba ya Masunga kimefanywa.